Mtoto mwenye usonji na ratiba ya nyumba ya Muislamu

Leo tuwazungumzie watoto wetu wenye usonji, wale ambao mtaani huambiwa wana majini au hawakufunzwa adabu. Mtoto wa aina hii akibadilishiwa tu njia ya kwendea madrasa, aweza kulia hadi akajigonga kichwa ukutani. Si jeuri. Asipojua kinachofuata, anaingiwa na hofu. Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner, aliyekuwa Marekani, alipoandika habari za watoto 11 wa namna hii, alilitaja jambo hilo hilo: wanataka mambo yabaki yalivyokuwa.

Sasa ratiba hiyo Muislamu ataitoa wapi? Anayo tayari. Surat An-Nisaa (4:103) inatufahamisha kuwa swala imewekewa nyakati maalumu. Katika An-Nuur (24:58) hata watoto wasiobaleghe wamewekewa nyakati tatu za kubisha hodi ndani ya nyumba yao wenyewe: kabla ya Alfajiri, adhuhuri na baada ya Isha. Tena sisi wa Dar es Salaam tuna neema ambayo wenzetu wa Ulaya hawana: Magharibi yetu haisogei hata saa nzima mwaka mzima.

Basi adhana iwe ndiyo saa ya mtoto. Alasiri aoge, Magharibi ale, Isha alale. Kopo la kutawadhia liwe lile lile, mkeka ule ule. Asiyeweza kusema achorewe picha za kila tendo, zibandikwe ukutani kwa mpangilio wake.

Wapo watakaosema mtoto huyu kalamu imeinuliwa kwake. Kwanza, wenye usonji hawafanani, wengine wana akili timamu kabisa. Pili, hata aliyeinuliwa kalamu, wajibu wetu wa kumlea haukuinuliwa.

Mtihani mkubwa ni Ramadhani. Usiku watu wanaamka kula daku, mchana jiko limezimwa, baada ya Isha nyumba tupu. Kwake dunia imepinduka. Aanze kuandaliwa tangu Shaabani, na kama hafungi, chakula chake cha mchana kibaki saa ile ile. Akina baba, kubaki naye usiku kuwe kwa zamu. Tarawehe ni sunna, malezi ni wajibu, wala mama hakuumbwa asiijue Tarawehe.

Na nguo mpya ya Idd ifuliwe mapema, aivae siku mbili tatu humo ndani aizoee.