SOMO LA UFUNDI: BERINGI HAIFI BURE



Leo tunajifunza kubadili beringi za konrodi zilizoliwa. Mfano wetu ni pikipiki ya zamani ya Kiingereza, Triumph Bonneville ya silinda mbili. Hapa Palma tumezoea pikipiki ndogo za siku hizi, ambazo konrodi zake huzungukia rola. Beringi za Bonneville ni vipande viwili vya bati vyenye madini laini, na za namna hiyo zimo pia katika matrekta, malori na injini nyingi za dizeli tunazofanyia kazi. Ndiyo maana somo hili linatuhusu.

Pikipiki hii ina habari ya wenzetu pia. Septemba 1973 wenye kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, walitangaza kukifunga. Wafanyakazi wakakikalia. Mwaka 1975 walianza kukiendesha kwa ushirika, wakaunda Bonneville mpaka 1983, ushirika ulipofungwa.

DALILI

Injini hugonga kwa sauti nzito ukiongeza mafuta au ukiyaachia ghafla. Ukisikia hivyo, zima. Konrodi ikikatika mbioni hupasua kasha la injini, na gurudumu la nyuma laweza kukwama na kumwangusha dereva na abiria wake.

KAZI YENYEWE

1. Tia alama kila konrodi na kofia yake kabla ya kufungua. Zisibadilishane.

2. Pima shingo za krenki kwa maikromita, kila upande. Zikiwa na mikwaruzo au zimepoteza uduara, mchongaji azisage, nasi tununue beringi za kipimo kipya. Hatua ya kwanza ni sehemu 10 za elfu za inchi (milimita 0.25), ya pili ni 20 (milimita 0.51).

3. Usikwangue beringi mpya, wala usipige kofia tupa ili ibane. Kofia iliyopigwa tupa imeharibika pamoja na konrodi yake.

4. Paka oili safi, ingiza ulimi wa beringi katika pango lake, tumia nati mpya, kaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Zungusha kwa mkono: iende laini.

5. Kama unabadili pia beringi za pembeni za krenki, pasha kasha joto la nyuzi 100 hivi. Zitatoka bila kupigwa kwa nguvu.

NINI KILIIUA?

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunabadili beringi, tunafunga injini, na muda si muda inagonga tena. Mshahara umekwenda bure. Beringi hizi huuawa zaidi na uchafu au upungufu wa oili.

Ndani ya krenki ya Bonneville mna mrija unaokamata taka za oili. Taka hugandamana humo kama lami mpaka njia ya oili inaziba. Fungua kizibo, toa bolti ya gurudumu zito inayoushika mrija, uvute nje, usafishe kila tundu kwa mafuta ya taa. Ukisha kusaga krenki, safisha tena, maana chembe za chuma huingia humo. Ukiurudisha mrija, tundu lake lielekee tundu la bolti.

Kisha tazama sili ndogo iliyo katika kifuniko cha upande wa taimingi, inayobana ncha ya krenki. Ikichakaa, oili huvuja kabla ya kufika kwenye konrodi. Weka mpya, na kagua pampu.

Injini ikiwa wazi, ifunike. Mchanga wa njia zetu hauna huruma.

TUSITUPE BERINGI YA ZAMANI

Mikwaruzo yasema uchafu. Madini yaliyoyeyuka yasema oili haikufika. Trekta linapokufa kazini, mara nyingi dereva ndiye wa kwanza kulaumiwa. Basi beringi ile ionyeshwe mbele ya mwakilishi wa chama, pamoja na daftari la kubadili oili. Pengine kosa ni la aliyekataa kununua chujio.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kubadili beringi peke yake hakutoshi?

2. Kazini kwetu, nani huandika siku ya kubadili oili, na daftari liko wapi?