Utando Unaohimili Joto na Jina Lake: Mfano wa Mota za Thika na Ruiru

Kuanzia Ruiru hadi Thika, viwanda, vinu vya unga na pampu za visima hutegemea mota za umeme. Ndani ya mota mna kitu ambacho mnunuzi wa unga hakioni: utando mwembamba wa polima, unaotandikwa katika mifereji ya chuma kabla ya waya za shaba kupangwa humo. Utando huo huuzuia umeme usipenye kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Makala haya yanauchunguza pamoja na jina unalostahili kupewa.

Polima ni molekuli ndefu yenye vipande vinavyojirudia mithili ya shanga uzini. Minyororo ya poliesta, ambayo ni jamaa ya chupa za maji, hulegea ipatapo joto. Ndiyo maana utando wake kwa kawaida huwekwa katika daraja B, yaani nyuzijoto 130. Poliimidi ni tofauti. Molekuli zake zimejengwa kwa pete ngumu za atomi, hivyo haiyeyuki, na kwa muda mfupi huvumilia hata nyuzijoto 400. Kapton, poliimidi ya rangi ya kaharabu iliyobuniwa na kampuni ya DuPont katika miaka ya 1960, ilitumiwa kukinga chombo kilichotua mwezini mwaka 1969. Leo imo ndani ya simu za mkononi.

Fundi anayesuka upya mota iliyoungua hana budi kuchagua. Kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzijoto 10 zinazozidi kiwango hupunguza maisha ya kihami kwa nusu. Mota ya daraja F, inayofanya kazi kwenye nyuzijoto 155, ikitandikwa utando wa daraja B, haitaishi hata robo ya muda uliotarajiwa.

Hapa ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mtu. “Filamu” humpeleka msikilizaji sinema. “Karatasi” inapotosha zaidi, kwa kuwa karatasi halisi iliyolowekwa vanishi ni ya daraja A, nyuzijoto 105 tu. “Utando” linafaa, maana Mswahili huliona juu ya maziwa na katika nyumba ya buibui; lakini lazima lifuatwe na aina na daraja: utando wa poliesta, daraja B; utando wa poliimidi, daraja H. Risiti ikiandikwa “karatasi ya mota” pekee, mwenye kinu hajui amelipia nyuzijoto 105, 130 au 180.