Viluwiluwi wa Chura na Njia Zao Majini

Mvua za masika zinyeshapo katika nchi ya Mugumu, kila shimo hujaa maji: nyayo za ng'ombe njiani, mitaro ya mashamba, malambo ya kunyweshea mifugo, na vidimbwi vilivyo kando ya vijito viendavyo mto Mara na mto Grumeti. Usiku vyura hulia hata alfajiri. Siku chache zikipita, maji yale huonekana yamejaa viumbe wadogo wenye kuchezacheza. Watu huwaita wote viluwiluwi. Lakini jina hilo moja hubeba viumbe wa namna mbili, yaani mtoto wa chura na mtoto wa mbu. Asiyejua kuwatofautisha aweza kumwua mlinzi na kumwacha mwizi.

Katika nchi zilizo karibu na ziwa Victoria yuko chura mmoja akaaye majini karibu siku zote. Ngozi yake ni laini yenye utelezi, hana ulimi, na kila mguu wake wa nyuma una vidole vitatu vyenye kucha nyeusi. Mwaka 1924 mtaalamu Mjerumani, Ernst Ahl, alimpa jina la kitaalamu litokanalo na ziwa hilo. Chura huyu hula wadudu wa majini, na watoto wa mbu pia. Jamaa yake wa karibu, akaaye kusini mwa Afrika, amechunguzwa sana na wataalamu, na kwa ajili hiyo mambo ya watoto wake yanajulikana vizuri.

Yai la chura huyo wa kusini huanguliwa upesi, na mtoto wa siku mbili hivi ana urefu wa milimeta 5 tu. Kinywa chake hakijafunguka, wala hali kitu. Huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake. Chini ya kichwa ana tezi ndogo itoayo ute wenye kunata. Kwa ute huo hujining'iniza kwenye jani, au kwenye uso wa maji wenyewe, kichwa juu na mkia chini. Hukaa hivyo karibu muda wake wote, bila kujitikisa. Ana sababu njema: akiogelea ovyo atamaliza akiba yake, tena watoto wa kereng'ende, ambao ni adui zake, watamwona.

Lakini akiguswa, huondoka mara moja. Nyama za ubavu mmoja hujikaza, mwili ukapindika. Kisha hizo hulegea, na za ubavu wa pili zikajikaza. Pindo hilo huanza karibu na kichwa, likashuka mpaka ncha ya mkia, na kwa kuyasukuma maji nyuma mtoto huenda mbele. Hufanya hivyo mara 10 hata 20 kwa sekunde moja. Pande mbili hazigombani, kwa kuwa katika uti wa mgongo mishipa ya fahamu ya upande mmoja ikiamuru, huinyamazisha ya upande wa pili. Kichwa kikigonga kitu, kuogelea hukoma, na ute humshika mahali hapo.

Je, ataijuaje njia, naye macho yake bado hayajafaa kuonea? Juu ya kichwa, chini ya ngozi, ana kiungo kidogo kitambuacho nuru na giza. Mwaka 1978 Alan Roberts, wa Chuo Kikuu cha Bristol katika Uingereza, alieleza kazi ya kiungo hicho. Nuru ikipungua ghafula, mtoto aogeleaye huelekea juu. Maana kivuli ni dalili ya kuwa juu yake kuna jani au kitu kingine kielacho, naye akifika hapo hupata mahali pa kunata na kujificha.

Mtoto wa mbu hufanya kinyume chake. Kivuli kikimwangukia, hupiga mbizi chini. Akitulia, huja juu kuvuta hewa: mtoto wa mbu aletaye malaria hulala sambamba na uso wa maji, na watoto wa mbu wengine huning'inia kichwa chini, mkia juu.

Siku chache baadaye kiluwiluwi wa chura hufunguka kinywa na macho. Mwili wake huwa kama kioo, na kando ya kinywa humea nyuzi mbili mfano wa masharubu ya kambale. Sasa husimama majini amelaza kichwa chini, ncha ya mkia ikitetemeka bila kukoma, huku akimeza maji na kuchuja chakula kilichomo. Viungo vidogo vya ngozi humjulisha mwendo wa maji. Mara nyingi viluwiluwi hukaa kundi, wote wakielekea upande mmoja. Kugeuka chura huchukua karibu miezi miwili. Dimbwi likikauka kabla ya hapo, wote hufa.

Mwanafunzi apendaye kuyajaribu haya na ateke maji ya dimbwi kwa kopo lenye mpini mrefu, wala asiingie kwa miguu, kwa sababu ya kichocho. Tena asiende peke yake. Ayatie katika chupa nyeupe, aache yatulie, kisha atie kivuli kwa mkono. Aandike ni nani aliyepanda na ni nani aliyeshuka. Watoto wa mbu na wamwagwe juani, mahali pakavu. Watoto wa chura na warudishwe majini, wakue na kufanya kazi yao.

Maswali

1. Mtoto mchanga wa chura hujishikiza kwa nini?
2. Eleza jinsi mwili wake unavyopindika aogeleapo.
3. Kivuli chamfaa nini?
4. Taja tofauti mbili kati ya mtoto wa chura na mtoto wa mbu.
5. Kwa nini haifai kutia sumu katika kila dimbwi lenye viluwiluwi?