Somo la Tawi: Sahani ya Mchana Yenye Posho Kidogo



Somo letu safari hii si la mishahara wala la barua za onyo. Ni la sahani ya mchana. Wako watakaosema chama kimeishiwa maneno mpaka kinaingia jikoni. Lakini chakula cha saa saba ni sehemu ya kazi. Tunakula ndani ya nusu saa, tunakula kilichopikwa katika sufuria la kampuni au tulichobeba wenyewe, kisha tunarudi kwenye mashine na kwenye chai.

Huku kwetu katika mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, sahani inajulikana: kilima cha posho, na pembeni maharage machache yakiogelea ndani ya maji. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huita posho ugali, na wa Kongo huita bugali. Jina tofauti, kilima ni kile kile.

Shuleni tulifundishwa kwamba viko vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Posho ni ya kundi la kwanza, na kitu kilichomo ndani yake ni wanga. Katika gramu 100 za unga mkavu wa mahindi, zaidi ya gramu 70 ni wanga. Ukiliwa, wanga hugeuka kuwa sukari katika damu. Mtu anayebeba magunia au kulisha tanuri kuni huichoma sukari hiyo kwa jasho. Anayekaa kwenye mizani au kwenye meza ya kupakia majani hachomi nyingi, na inapofika saa nane macho yanamfunga mbele ya mashine. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari ni vibaya zaidi, kwa maana sukari hubaki juu katika damu, na kidogo kidogo huharibu macho, figo na miguu.

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Mwaka 2021 niliambiwa zahanati kwamba nina kisukari. Nilipewa vidonge nikaambiwa, "Punguza posho." Nipunguze vipi, sikuelezwa, nami sikuuliza. Nikaiacha kabisa. Siku ya tatu nilimeza vidonge asubuhi, mchana nikanywa kikombe cha chai isiyo na sukari, basi. Saa tisa nilianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, na maneno yakanipotea. Nyapara alidhani nimelewa, akaandika jina langu. Aliyeniokoa ni mama mmoja mchumaji ambaye mume wake ana ugonjwa huo huo. Alinikorogea sukari katika maji nikanywa, na baada ya robo saa nikajua tena niko wapi.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mwenye kutumia sindano za insulini, au vidonge kama glibenklamidi, asipunguze wanga wala asiruke chakula kabla ya kusema na mganga, kwa sababu huenda dawa nayo itapaswa kupunguzwa. Atembee na sukari mfukoni, na jirani yake kazini ajue. Akianza kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Turudi kwenye sahani. Kosa langu lilikuwa kuondoa posho na kuacha shimo. Shimo hilo lazima lijazwe. Mimi sasa nachukua posho ya ukubwa wa ngumi, maharage mazito miiko miwili, na nusu ya sahani ni mboga: dodo, sukuma wiki au kabichi. Maharage nayo yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na protini, hivyo sukari yake huingia katika damu polepole na njaa hairudi upesi.

Kwa wanaobeba chakula kutoka nyumbani, kazi ifanyike usiku juu ya moto ule ule wa chakula cha jioni. Tia mayai mawili katika maji yachemke. Yai moja lina protini kama gramu 6 na wanga karibu hakuna. Asubuhi kaanga kabichi kwa kitunguu na nyanya, dakika kumi tu, funga pamoja na mayai na nusu ya ovakado. Siku nyingine ni mukene, yaani dagaa. Watoe mchanga, waoshe, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, wape chumvi na ndimu. Hawaharibiki upesi, na wanaliwa na dodo iliyopikwa kwa karanga za kusaga. Sombe ya ndugu wa Kongo ni tamu kuliko zote, ila kuipika ni kazi ya Jumapili.

Karanga za kukaanga, kiganja kimoja, zinafaa kuliko mandazi mawili. Lakini zichambueni. Karanga yenye ukungu au iliyobadilika rangi ina sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Maharage yaliyolala yachemshwe tena asubuhi, na yakinuka uchachu yamwagwe, hata kama roho inauma.

Soda sitaisema sana. Chupa ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30. Unapunguza posho halafu unainywa?

Liko jambo moja la chama. Mwajiri akisoma ukurasa huu asije akapunguza unga jikoni akasema wafanyakazi wenyewe wameomba. Hatukuomba chakula kidogo. Mlisha tanuri na mbeba magunia wabaki na posho yao kamili, maana bila hiyo wataanguka. Tunachotaka ni maharage mazito na mboga kila siku. Katika tawi letu mwaka jana tuliomba kwanza jambo dogo: mpishi agawe posho na maharage kwa miiko miwili tofauti, na mfanyakazi aseme anataka kiasi gani. Lilikubaliwa, kwa sababu halikuwa na gharama. Mboga bado tunajibiwa kwamba bajeti haipo, ingawa bustani inaweza kulimwa nyuma ya jiko.

Katika mkutano wa tawi mjadiliane haya: Jikoni kwenu mboga hupikwa mara ngapi kwa wiki? Nani kati yenu ana kisukari, na je, jirani yake kazini anajua la kufanya? Je, nusu saa inatosha kupanga mstari, kula na kunawa? Majibu andikeni katika daftari la tawi, mlete katika kikao na mwajiri.