Usimfungie Mzee Ndani Peke Yake
Kijitabu cha kaya inayomlea mzee mwenye ugonjwa wa kusahau

ANZA HAPA

Kama leo huna nafasi ya kusoma chote, soma mstari huu mmoja: usimfungie mzee ndani peke yake. Si kwa saa moja. Si kwa safari ya kisimani. Si kwa sababu umemwacha amelala.

Nimepokea wodini wazee walioungua, waliokauka kwa kiu na waliovunjika nyonga ndani ya vyumba vilivyopigwa kufuli kwa nje. Karibu kila mara aliyefunga alikuwa mtoto au mkwe anayempenda mzee wake. Alifunga ili asipotee, akaenda shamba au sokoni, na aliporudi akakuta yameshatokea. Nimechoka kuandika majina hayo kwenye daftari la wodi.

UGONJWA WENYEWE

Kitaalamu unaitwa demensia. Mitaani tunasema mzee amerudi utotoni, au tunasema ni uzee tu. Si uzee tu. Wazee wengi hufika miaka 80 wakiwajua wajukuu wote kwa majina, na wakikumbuka nani anawadai na nani wanamdai.

Huanza polepole. Anauliza jambo lilelile mara kumi asubuhi moja. Anabandika sufuria na kuondoka. Anapotea njia ya msikitini au kanisani aliyoipita miaka 40. Anamtuhumu mkwe kuwa kamwibia pesa ambazo mwenyewe kazificha chini ya godoro. Jua likizama anahangaika zaidi. Miaka inavyokwenda anaweza kusahau sura za watoto wake, na haja zikawa zinamtoka bila kujua.

Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Kwa hiyo nyumba yako haina laana. Zipo nyumba nyingine zenye mzee kama wako, ila zimenyamaza.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Anayekuuzia dawa ya kuponya, awe amevaa koti jeupe au ameshika kibuyu, anakula pesa ya uji wa mzee.

SI UCHAWI

Bibi aliyekutwa uani kwa jirani saa tisa usiku bila nguo hawangi. Alikuwa anatafuta choo.

Wazee wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo, na wengi wao ni wanawake. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai. Ukisikia minong'ono imeanza, usisubiri: nenda kwa mtendaji na polisi siku hiyohiyo, kisha uwaeleze majirani ugonjwa wa mzee kwa jina lake. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko msiba.

AKIBADILIKA GHAFLA, NENDA HOSPITALI LEO

Ugonjwa wa kusahau hauji kwa siku mbili. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri Jumamosi, Jumatatu akawa anaweweseka, hamjui mtu, au analala mchana kutwa, ana jambo jingine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka au kupanda, kiharusi, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Hata choo kilichofunga siku nyingi kinaweza kumvuruga mzee. Mengi ya haya yanatibika akiwahishwa. Usiseme "ndiyo kawaida yake siku hizi" ukamwacha.

Hata kama kusahau kulianza polepole, mpeleke angalau mara moja apimwe vizuri. Mweleze daktari kulianza lini, na umbebee dawa zote anazokunywa, pamoja na za kienyeji. Aangaliwe presha, sukari, VVU, upungufu wa damu, macho na masikio. Nimeona babu aliyesemwa kachanganyikiwa kumbe hasikii. Msongo mzito wa moyo baada ya kufiwa nao humfanya mzee asahau, na una tiba yake. Kituoni ulizia dirisha la wazee. Kama hana uwezo wa kulipa na amefika miaka 60, ulizia msamaha wa matibabu, ukianzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

KUFULI

Narudi palepale, na nitarudi tena.

Mzee huyu akifungiwa, haelewi kwamba utarudi. Anajua tu kuwa yuko mahali asipopajua na mlango haufunguki. Anagonga mpaka mikono inachubuka. Anapanda dirishani. Anaona chupa ya mafuta ya taa, anadhani ni maji. Anawasha jiko la mkaa kwa sababu maisha yake yote saa hiyo alikuwa anapika. Moto ukishika, majirani wanasikia ukelele lakini ufunguo uko mfukoni mwako, sokoni.

Na kamba je? Kamba ni mbaya kuliko kufuli. Mzee aliyefungwa mguuni kwenye kitanda anaanguka akiwa amefungwa. Anapata vidonda. Anajikojolea, analala humo. Usimfunge mzee kwa kamba, kwa khanga, wala kwa mnyororo. Hakuna "kidogo tu" katika jambo hili.

Najua utauliza: sasa nikalime saa ngapi? Ni swali la haki, kwa sababu asiyelima hali. Haya ndiyo niliyoyaona yakifanya kazi katika nyumba za watu wa kawaida:

Mchukue. Wazee wengi wanaotembea bado wanaweza kukaa chini ya mwembe shambani wakipukuchua mahindi au kuchambua maharage. Wakikosea haidhuru. Mzee aliyeshughulika mchana hulala usiku, na wewe unalala.

Pangeni zamu ya kweli. Watoto wa mzee wakae kikao, na wale wa mjini pia wahusike. Anayetuma pesa atume ya kumlipa kijana au mama wa jirani akae na mzee saa za shamba. Zamu isiyoandikwa humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni mkwe ambaye hakuulizwa. Mjukuu wa miaka saba si mlezi. Usimwachie mzee, na usimtoe shule kwa ajili hiyo.

Zungushia ua, si chumba. Ua wenye lango lililofungwa, na mtu mzima akiwa ndani pamoja na mzee, humpa nafasi ya kutembea akazunguka na kurudi. Usiku mlango wa nje ufungwe kwa ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Tundika kengele ya mbuzi mlangoni. Ikilia, unaamka.

Waambie watu. Muuza duka, vijana wa bodaboda wa kijiweni, mama ntilie, mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa. Sema: "Babu yetu anapotea. Mkimwona amepita hapa peke yake, msalimieni, mkalisheni, mnipigie." Kijiwe kimoja cha bodaboda kilichoambiwa ni bora kuliko kufuli kumi.

Shonea kitambaa kidogo ndani ya nguo zake zote, chenye namba mbili za simu. Karatasi ya mfukoni ataitupa.

Na ukishindwa kabisa kumpata mtu siku hiyo, usiende. Shamba litasubiri hadi kesho. Usimfungie mzee ndani peke yake.

AKIPOTEA

Hakuna saa 24 za kusubiri. Anza sasa hivi. Mmoja abaki nyumbani, kwa kuwa anaweza kurudi. Wengine waanzie kisimani, mtoni, barabarani na vichakani karibu na nyumba, kisha waende alikoishi au kufanya kazi zamani: shamba la kwanza, nyumba ya mama yake, karakana aliyostaafu. Omba atangazwe kwa kipaza sauti cha msikiti au kanisa. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kituo cha polisi. Weka picha yake ya karibuni kwenye simu tangu leo. Akipatikana, usimgombeze; mpe maji.

KUZUNGUMZA NAYE

Shikamoo yake haijafutika. Mwamkie kila asubuhi, mkae uso kwa uso, sema neno moja moja, mpe muda wa kujibu.

Usimfanyie mtihani. "Mimi nani? Nitaje jina!" ni mateso. Mwambie wewe mwenyewe: "Bibi, ni mimi Neema, mjukuu wako."

Bibi akisema anataka kwenda kwa mama yake, aliyezikwa miaka 50 iliyopita, usimwambie mama amekufa. Kila utakapomwambia atafiwa upya. Muulize mama alikuwa anapika nini, na utaona anatulia huku anasimulia. Akishikilia kuwa ameibiwa, msaidie kutafuta. Akikasirika, rudi nyuma hatua mbili, punguza redio, waondoe watoto, ngoja. Hakukusudia kukutukana. Kumpiga ni kosa na hakumfundishi chochote.

MAJI NA CHAKULA

Hasemi kwamba ana kiu, kwa hiyo mpe kikombe kidogo kila mara, usisubiri aombe.

Alowanishe koo kwanza kwa maji, ndipo tonge. Awe ameketi wima, si amelala, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, lainisha chakula na umwone mhudumu wa afya, maana chakula kikiingia mapafuni humletea nimonia. Amesahau kuwa amekula? Mpe kidogo tena, ndizi au uji.

KUOGA NA CHOO

Mpeleke choo kila baada ya saa mbili au tatu, kabla hajakitafuta.

Maji ya uvuguvugu, kigoda imara, mkeka usioteleza, khanga ya kumsitiri. Akikataa leo, mpanguse kwa kitambaa, ujaribu kesho. Taa ndogo ya sola iwake njia ya chooni usiku.

Mzee asiyeinuka kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ukiona wekundu au weusi matakoni, nyongani au visiginoni, usisugue. Nenda kituoni kabla kidonda hakijafunguka.

DAWA

Usimpe piritoni ili alale. Inamchanganya zaidi na kumwangusha. Usimpe dawa ya usingizi uliyonunua duka la dawa bila cheti. Usimpe dawa ya jirani. Dawa kali za kumtuliza zinaweza kumuua mzee wa ugonjwa huu. Aziandike daktari, kwa muda mfupi, baada ya njia nyingine kushindikana. Usisimamishe dawa za presha au sukari eti kwa sababu ameshasahau kila kitu. Zifiche zote, mpe wewe mwenyewe, tazama amemeza. Dawa za panya, za mifugo na za shamba zisilale nyumba moja naye.

Kumlewesha dawa ili ubaki na nafasi ya kutoka ni kufuli jingine.

MALI

Asipoelewa tena anachosaini, asiwekeshwe dole gumba kwenye karatasi yoyote ya shamba au nyumba.

WEWE UNAYEMLEA

Kama usiku huwezi kulala, kama umeanza kumchukia, kama umeinua mkono, sema leo: kwa ndugu, kwa kiongozi wa dini, kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Hiyo ndiyo siku ambayo watu hufikiria kufuli. Ndugu mnaosoma hapa na hamlali naye nyumba moja, mpeni mlezi siku moja nzima kila wiki, mje ninyi mkae na mzee wenu.

BANDIKA UKUTANI

Polisi: 112. Zimamoto: 114.
Mhudumu wa afya wa eneo letu: ....................
Bodaboda tunayemwamini: ....................
Jirani mwenye ufunguo wa pili: ....................
Anayekaa na mzee Jumatatu: ....................
Jumanne: ....................
Jumatano: ....................
Alhamisi: ....................
Ijumaa: ....................
Jumamosi: ....................
Jumapili: ....................