Dondoo Muhimu: Taa za Tela Zinapokataa Kuwaka

Aghalabu dereva akiona taa za tela zimezimika hukimbilia kubadili globu, ilhali asili ya hitilafu, mara nyingi, imo katika waya wa kurudishia umeme, yaani ule wa arthi, ambao kwa desturi huwa mweupe na hufungwa kwa skrubu kwenye chesisi, mahali pale pale panaporukiwa na matope. Dalili yake ni bayana: ukiwasha indiketa ya upande mmoja, taa zote za nyuma zikapepesa pamoja kwa mwanga hafifu, basi umeme umekosa njia yake halali ya kurudi, ukajipenyeza katika globu za jirani. Fungua skrubu hiyo, sugua chuma kwa msasa hata king'are, kaza tena, kisha paka grisi juu.

Ikizimika taa moja tu, hapo globu ndiyo ya kutuhumiwa. Na mpya iwe ya volti zile zile, kwani malori mengi hutumia volti 24 na magari madogo 12.

Zikizimika zote, tazama fyuzi, kisha pima soketi ya gari kwa taa ya majaribio: umeme ukiwapo hapo, gari halina hatia. Rejea kwenye plagi ya tela. Pini iliyoota kutu ya kijani isafishwe, na iliyobanana ipanuliwe taratibu kwa ncha ya kisu.

Taa inayowaka tela likisimama na kuzimika likipita mashimoni yataka subira: fuata waya kwa vidole, hasa unaposuguana na chuma.