Somo: Adui wa nyama wa pori ni mtu gani?

Katika biolojia tumezoea kuandika kwamba adui wa nyama wa pori ni mtu, na pointi tunapata. Leo tunauliza: mtu gani?

Tutwae mfano wa karibu, parke ya Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini. Iliwekwa mwaka 1970 juu ya kulinda ngagi. Mwaka 1975 ikaongezwa upande wa pori la chini, ikafika kilometa mraba 6,000 hivi. Ngagi ni mali ya inchi yote, hakuna anayekataa. Lakini Batwa walikuwa wakiishi mule tangu mababu: dawa yao, asali yao, makaburi yao, vyote humo. Walifukuzwa bila kupewa shamba. Mwaka 2018 wengine wakarudi porini. Watu wakafa, Batwa na walinzi vilevile, na miti mingi ikakatwa ikawa makara. Mwaka 2024 Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ikatangaza kwamba haki za Batwa zilivunjwa.

Basi elimu ya jamii inasaidia nini?

1. Biolojia inahesabu ngagi. Elimu ya jamii inauliza nani alipata faida na nani alilipa. Mtalii anaona, mlinzi anapata mshahara; na yule aliyefukuzwa?

2. Inatenganisha watu. Kusema «wakaaji wanaharibu pori» ni sawa na kusema «wanafunzi wanaiba». Iko anayekata mti apate kupika, iko anayenunua magunia ya makara ayauzishe mujini, iko mwenye bunduki anayelipisha njiani. Dawa yao si moja.

3. Inasikiliza mbele ya kuweka mpaka, si nyuma.

Hatusemi parke ifunguliwe. Pori likikatwa, sisi hatutaliona likirudi. Lakini parke ambayo majirani yake wana njaa na uchungu, bunduki peke yake haitailinda siku zote.

Maswali ya kujadili darasani:
a) Mkaaji aliyefukuzwa arudishiwe nini: udongo, kazi, ao sauti katika mashauri?
b) Makara inaingia jikoni kwetu kila juma. Inatoka pori gani? Hata sisi tunaoandika somo hili hatujauliza bado. Tutaanzia hapo.

Kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita,
Kiongozi wa wanafunzi